Mji Uliopewa Jina na Tope: Watu wa Dodoma na Tabia ya Mji Wao

Matini kamili ya mada iliyowasilishwa katika mkutano wa wakazi wa Kata ya Kizota, Jiji la Dodoma

Mbukwenyi!

Salamu hiyo ya Kigogo huwa "mbukwa" inapomwelekea mtu mmoja, na huwa "mbukwenyi" inapowaelekea wengi. Miongoni mwa wakazi wa kata hii wapo waliozaliwa nayo, wapo walioisikia kwa mara ya kwanza siku waliposhuka stendi na mizigo yao, na wapo watoto wa watumishi waliohamia ambao sasa huiitikia vizuri kuliko wazazi wao. Hiyo ndiyo sura ya Dodoma ya leo. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 410,956 katika mji huu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 765,179. Katika miaka kumi pekee wameongezeka watu zaidi ya 354,000. Mji umekaribia kujizidisha mara mbili kabla mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa muongo huo hajamaliza shule ya msingi.

Mji unapokua kwa kasi ya namna hiyo, swali moja huulizwa na wenyeji kwa wasiwasi na huulizwa na wageni kwa udadisi: mji huu ni wa namna gani, na watu wake ni watu gani? Swali hilo laweza kuonekana kuwa ni la wazee wanaopumzika kivulini. Sivyo. Limo ndani ya kila kiwanja kinachouzwa, kila mtaro unaochimbwa na kila kibao cha mtaa kinachosimikwa. Mada hii inajaribu kulijibu, na jibu lake linaanza na jina la mji wenyewe.

Jina lililokuwa onyo

Wazee wa Ugogo husimulia habari ya jina la Dodoma kwa njia mbili. Wengine husema tembo alishuka kijitoni kunywa maji, akakwama katika tope, akazidi kuzama hadi wenyeji wakapaza sauti wakisema "idodomya", yaani amezama. Wengine husimulia kwa kicheko kwamba vijana wa Kigogo walitwaa ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakachomeka mikia katika kinamasi. Wenye mali walipofika kudai, walioneshwa mikia hiyo na kuambiwa kuwa wanyama wao wamezama wenyewe.

Ipi kati ya simulizi hizo ndiyo ya kweli si jambo la kugombania hapa. La kuzingatia ni kwamba zote mbili zinakutana mahali pamoja: palikuwa na tope, na tope lile lilikuwa na kina cha kutosha kummeza mnyama mkubwa. Nchi kame, ambayo hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, tena karibu zote kati ya Desemba na Aprili, ilipewa jina la mahali pa kuzama. Waliolitoa jina hilo waliijua ardhi yao. Walijua kwamba bonde lililokauka kwa miezi saba halijafa, bali limelala tu. Jina la Dodoma, kwa hiyo, lilikuwa taarifa ya kwanza kuhusu ardhi ya mji huu, iliyoandikwa vinywani mwa watu kabla ya kufika mpimaji yeyote mwenye ramani.

Mwenyeji aliyekaa njiani

Tabia ya pili ya mji huu ilitokana na njia. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na Tabora, hadi Ujiji, ilikatiza nchi ya Ugogo. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, na baadaye wasafiri wa Kizungu kama Richard Burton na John Speke mwaka 1857 na Henry Morton Stanley mwaka 1871, wote walipita hapa wakiwa na kiu. Upande wa mashariki walikwisha kuvuka nyika ya Marenga Mkali, na upande wa magharibi waliisubiri Mgunda Mkali. Katikati palikuwa na Wagogo, wenye visima, nafaka na ng'ombe.

Aliyetaka kupita na kunywa alilipa hongo kwa mtemi wa mahali: mikono ya nguo na shanga, kwa kiasi kilichojadiliwa. Stanley aliilalamikia sana desturi hiyo. Lakini kwa mwenyeji hapakuwa na ajabu yoyote. Kisima kilichimbwa kwa jasho, na maji yaliyonywewa na msafara wa watu mia kadhaa yalikuwa maji ya mifugo na ya watoto wa pale. Mgeni alipokewa, lakini alitakiwa kutambua kwamba alichopewa kilikuwa na mwenyewe.

Hapa lugha imefanya jambo linalostahili kutafakariwa. Neno hilo hilo, hongo, leo ni jina la rushwa. Hongo ya mtemi ilitolewa mchana, mbele ya watu, nayo ilileta maji, chakula na usalama wa njia. Hongo ya leo hutolewa kwa siri, humnufaisha mmoja, na huwaacha wengine wote na kiu yao. Mkazi anayelipia huduma halali ya halmashauri hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kupata stakabadhi. Malipo yanayofanywa mahali pa wazi yanafuata desturi ya kale ya nchi hii, na yanayofanywa nyuma ya mlango yanaivunja.

Mji wa reli

Mji wenyewe, kwa maana ya maduka, boma na kituo, ulizaliwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Dodoma ikawa kituo kikubwa katikati ya safari hiyo, na kila aliyeletwa na gari moshi aliacha alama yake katika majina ya mitaa. Uhindini ni mahali walipofungua maduka wafanyabiashara wa Kihindi. Viwandani na Majengo yanajieleza yenyewe. Tambukareli ni jina linalotembea: ni huko unakofika ukishaitambuka reli. Mnadani ni mahali palipokutanisha wenye ng'ombe na wenye fedha, kama ambavyo mnada wa Msalato huwakutanisha hadi leo. Na Dodoma Makulu, yaani Dodoma kubwa, inakumbusha kwamba jina la Dodoma lilikuwa la nchi kabla halijawa la kituo cha treni.

Mwaka 2024, zaidi ya karne moja baada ya gari moshi la kwanza, treni ya umeme katika reli ya kisasa ilianza kuwaleta abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa chache. Reli imebadilika, kazi yake katika mji huu haijabadilika. Bado ni mlango wa wageni.

Aidha, wenyeji wenyewe hawakuchipuka ardhini. Koo nyingi za Kigogo husimulia asili yake kutoka kwa Wahehe, Wakaguru, Wanyamwezi, Wasandawe na majirani wengine, waliofika kwa nyakati tofauti wakitafuta malisho na mvua, wakaoana, wakawa watu wamoja. Kwa hiyo anayesema leo kwamba Dodoma imevamiwa na wageni anasema jambo ambalo babu yake huenda aliambiwa pia. Kinachomfanya mtu kuwa mwenyeji wa hapa, tangu zamani, ni kujifunza namna ya kuishi na ukame na kukubali kushirikiana na aliyemtangulia.

Njaa, ng'ombe na maghala ya Kizota

Kuishi na ukame si maneno ya kupamba hotuba. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kugombania. Vita Kuu ya Kwanza vilipita hapa: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba iliyosalia. Maelfu walikufa. Ukame peke yake watu wa Ugogo waliuzoea. Kilichowaangamiza ni ukame uliowakuta wamekwisha kunyang'anywa njia zao za kujihami.

Njia hizo zilikuwa nyingi na zilikuwa za busara. Walilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia jua. Walijenga tembe, nyumba ya ukuta wa miti na udongo yenye paa bapa la udongo, ambayo huwa baridi mchana na huwahifadhi ndama uani usiku. Zaidi ya yote, walikopeshana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwatawanya kwa ndugu na marafiki wa mbali. Aliyepewa alipata maziwa, na mwenye mali alipata uhakika kwamba ukame au maradhi yakilipiga bonde moja, hayatamaliza mali yake yote. Hiyo ilikuwa bima ya nchi isiyokuwa na benki, na dhamana yake ilikuwa uaminifu wa jirani.

Leo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yamesimama hapa hapa Kizota. Mtoto wa kata hii hupita kando yake akienda shule, naye hayatazami mara mbili kwa sababu ameyazoea. Lakini bibi aliyesimuliwa habari za Mtunya na mama yake hawezi kuyatazama kama majengo ya kawaida. Katika nchi iliyowahi kunyang'anywa punje ya mwisho, sasa inatunzwa akiba ya taifa. Wakazi wengi huijua Kizota kwa jambo jingine, yaani ukumbi uliopokea mikutano mikubwa ya kisiasa, ukiwemo mkutano mkuu wa chama tawala wa mwaka 2012. Hata hivyo, kwa kuipima tabia ya mji huu, ghala lina maneno mengi zaidi kuliko ukumbi.

Dhihaka na majibu yake

Kwa miaka mingi jina la Dodoma lilitajwa nchini kwa dhihaka tatu: ukame, ombaomba na hospitali ya wagonjwa wa akili. Haina haja kujifanya kwamba dhihaka hizo hazikuumiza. Vijana wengi wa Kigogo waliokwenda kutafuta kazi pwani walificha kabila lao, na wengine walijifunza kucheka kabla hawajachekwa.

Lakini kila dhihaka kati ya hizo ina upande wake wa pili. Ardhi iliyoitwa jangwa ndiyo inayozaa zabibu mara mbili kwa mwaka, zao lililoanza kustawishwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950, na leo ni alama ya mkoa mzima. Walioitwa ombaomba walikuwa, wengi wao, wakulima waliotoka mashambani katika miaka ambayo mvua ilikata njiani, wakarudi kulima mvua iliporejea. Na Hospitali ya Mirembe kwa miongo mingi ilipokea wagonjwa kutoka kila pembe ya nchi, wengine wakiwa wamekataliwa na jamaa zao wenyewe. Mji uliochekwa kwa sababu ya hospitali hiyo ndio uliowapa watu hao kitanda. Si kila mji mkubwa unaweza kujisifia jambo kama hilo.

Vivyo hivyo katika sanaa. Ngoma ya muheme, inayopigwa na wanawake, na sauti za zeze na ilimba zilivuka mipaka ya nchi kupitia Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefundisha na kupiga muziki Bagamoyo na akasikika katika majukwaa ya Ulaya hadi alipofariki mwaka 2003. Yeye hakuficha kabila lake. Aliimba kwa Kigogo, na dunia ikanyamaza kumsikiliza.

Tingatinga za Kongwa

Upande wa mashariki wa Dodoma, huko Kongwa, upo ushahidi mkubwa wa kile kinachompata mtu asiyeuliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga kwa mashine katika maeneo makubwa ya Tanganyika, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Yaliletwa matrekta na matingatinga, wakaletwa wataalamu, zikatengwa fedha nyingi. Mibuyu ikakataa kung'oka kwa urahisi. Udongo wenye mfinyanzi ukawa mgumu kama saruji kiangazi kilipofika, hata karanga zikashindwa kuchimbuliwa. Mvua haikufuata kalenda iliyopangwa ofisini. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kutumia pauni milioni kadhaa za fedha za umma.

Mkulima yeyote wa Kongwa angeweza kueleza tabia ya udongo ule na ya mvua ile, bila malipo, akiwa amekaa chini ya mbuyu. Hakuulizwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyekuja Kongwa hakumponya mwenyeji, wala yeye mwenyewe hakupona, kwa sababu alidhani nchi isiyo na majengo ni nchi isiyo na maarifa.

Makao makuu

Mwaka 1973, chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, katikati ya nchi, ambako kila Mtanzania angeweza kufika. Mwaka huo huo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 ulikamilika mpango kabambe wa mji uliochorwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada. Safari ilikuwa ndefu kuliko ilivyotarajiwa. Vita vya Uganda na hali ngumu ya uchumi viliichelewesha. Bunge lilihamia mwaka 1996. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Kutoka uamuzi hadi sheria ilipita miaka 45.

Katika miaka hiyo, wakazi wa Dodoma waliishi maisha ya kungoja. CDA ilijenga barabara, ikapima viwanja na kupanda miti, na mengi kati ya hayo yanaonekana hadi leo. Lakini ardhi yote ya mji ilikuwa chini yake, hati zikatolewa kwa miaka 33 tu, na migogoro ya viwanja na bomoabomoa ikaacha machungu ambayo wazee wa kata nyingi wanayakumbuka. Mwaka 2017 CDA ilivunjwa, majukumu yake yakahamishiwa halmashauri, na ikaelekezwa kwamba hati ziwe za miaka 99, sawa na kwingineko nchini.

Upangaji huo uliacha pia alama katika majina. Pembeni mwa Nkuhungu, Ntyuka, Mkonze na Ng'hong'honha, majina ambayo mgeni hulazimika kuyarudia mara tatu ndipo ulimi umtii, yalizuka maeneo yanayoitwa Area A, Area C na Area D. Hakuna aibu kukaa Area D; watu wema wanaishi huko na watoto wao wanapapenda. Lakini herufi ya mchoro haimwambii mkazi chochote. Haimwambii kama palikuwa na kisima, mbuga, njia ya ng'ombe au tope la kumzamisha tembo.

Korongo lisilosahau

Ndipo mada hii inapofikia kiini chake. Mara nyingi jambo hutokea hivi. Mtu hununua kiwanja mwezi wa Agosti. Ardhi ni kavu, mchanga ni mweupe na safi, upepo unavuma. Muuzaji humwambia kwamba ameokota dhahabu, kwa kuwa mchanga wa kujengea upo pale pale. Mnunuzi hafikirii kujiuliza mchanga ule uliletwa na nani. Anajenga msingi, anapandisha kuta, anaezeka bati kabla ya Krismasi. Mwaka wa kwanza mvua ni haba, naye anatulia. Mwaka wa pili, usiku mmoja wa Januari, maji yanashuka kutoka vilimani na kurudi katika njia yao. Asubuhi godoro liko juu ya ukuta, vyeti vya watoto vimelowa, na familia iko barazani kwa jirani.

Katika nyumba ya jirani huyo mara nyingi yumo mzee aliyejua. Alichunga ng'ombe katika korongo hilo akiwa mtoto. Anajua jina lake, na jina lenyewe huenda lilikuwa linataja maji. Hakusema kwa sababu hakuulizwa; na pengine aliona haya kumwambia mtu mwenye gari na hati mkononi kwamba amejenga mtoni. Mgeni naye hakuuliza kwa sababu alidhani mzee wa tembe hana la kumfundisha. Hasara hiyo haikuletwa na mvua. Imeletwa na ukimya kati ya milango miwili inayotazamana.

Korongo halisahau njia yake hata likinyamaza miaka kumi. Wanaosahau ni watu, na mji uliopata wakazi 354,000 wapya katika muongo mmoja una wasahaulifu wengi wasio na kosa, kwa sababu hawakuwahi kuambiwa. Kumbukumbu ya Dodoma sasa imo katika vichwa vya wachache, na wachache hao wanazeeka. Mzee mmoja akizikwa bila kuulizwa, kata hupoteza ramani ambayo hakuna mpimaji anayeweza kuichora upya.

Yapasayo kutendwa

Kwa hiyo ipo kazi, nayo imegawanyika kwa wenyeji, kwa wageni na kwa ofisi za umma.

Kwanza, kabla ya kununua au kujenga, mkazi ahakikishe milki ya kiwanja katika ofisi ya ardhi ya Jiji, na aombe kibali cha ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Baada ya kuiona ramani, apite kwa wazee wawili wa mtaa awaulize swali moja tu: mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi? Swali hilo halilipiwi chochote.

Pili, yako majina. Katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 kila barabara na kila nyumba ilitakiwa kuwa na utambulisho. Barabara mpya zitaendelea kufunguliwa, na majina yatapendekezwa katika mikutano ya mitaa. Mtaa wenye jina la asili la kisima, la kilima au la korongo usiliache likafutwa na jina la mtu aliyepita wiki moja. Mwenyeji alitaje, alieleze maana yake, na katibu wa mkutano aliandike. Vibao vilivyokwisha kusimikwa vilindwe, kwani anayeking'oa kibao na kukiuza kama chuma chakavu anampotezea njia mtu wa gari la wagonjwa anayemtafuta mzazi wake.

Tatu, mitaro si jalala. Taka inayotupwa kiangazi huziba njia ya maji ya masika, na maji yanayozuiliwa kwa mmoja huingia kwa mwingine. Mti uliopandwa mbele ya nyumba unyweshwe hadi uvuke kiangazi cha pili, maana hapo ndipo miti mingi ya Dodoma hufa. Na maji ya bomba, yanayovutwa kutoka visima vya Mzakwe, bonde lile lile la Makutupora linalohudumia mji tangu ukiwa mdogo, yatumiwe kwa adabu ya watu waliojua thamani ya kata moja ya maji. Anayeona bomba limepasuka atoe taarifa siku hiyo hiyo, asingoje jirani.

Nne, ofisi nazo zina wajibu. Tukio la Kongwa liwe funzo kwa kila mtumishi anayepanga mtaro, shule au soko. Mikutano ya mitaa isiwe ya kusomewa maamuzi. Iwe mahali ambapo mzee asiyejua kuandika anaweza kumwambia mhandisi, bila hofu, kwamba hapo alipochora daraja maji huwa hayapiti, na kwamba yanakopita hajapachora.

Hitimisho

Ndugu wananchi, mji haupimwi kwa ghorofa zake pekee. Dodoma imekuwa njia ya misafara, kituo cha reli, mji wa kungoja na sasa ni makao makuu. Katika hali zote hizo watu wake wamebaki na tabia moja: kumpokea mgeni penye maji, na kumtaka atambue kwamba maji hayo yana mwenyewe na yana njia yake. Mgeni akiuliza na mwenyeji akajibu, Kizota itakua bila kupoteza akili yake. Wakinyamaziana, mvua itawajibu wote wawili kwa pamoja.

Mzee anayekaa jirani na nyumba mpya asingoje kuulizwa. Na aliyehamia mwaka huu asingoje kusalimiwa. Aanze yeye, na neno la kuanzia amekwisha kulisikia leo.

Mbukwenyi.